Donge la Kwanza

Wiki iliyopita nilikwenda Rwambuzi, mtaa mmoja wa Bunia, huku Kongo, kuchukua sare ya shule ya binti yangu. Fundi aliyezoea kutushonea amehama, nikaelekezwa kwa kijana mmoja aliyefungua chumba cha kushona kwenye barabara ambayo miguu yangu iliijua kabla mimi mwenyewe sijaikumbuka. Nilipofika mlangoni nikasimama. Ndani kulikuwa na vyerehani, na vipande vya kitambaa vimetapakaa sakafuni, lakini dirisha lilikuwa lile lile dogo la upande wa kushoto, na chini yake ukuta ulikuwa na weusi wa moshi. Fundi aliniona nikiuangalia.

"Ile ukuta inatusumbua sana, mama," akaniambia. "Tunapaka rangi, inatokea tena. Sijui walikuwa wanachoma nini humu."

Nilijua kilichokuwa kikichomwa. Ila hadithi yenyewe ni ndefu kwa mtu aliyeshika mkasi, nikamjibu tu kwamba zamani humu kulikuwa na masomo ya watoto wadogo. Wewe una nafasi, basi kaa nikusimulie.

Sisi tulikuwa Wayahudi. Cheka tu, nimezoea. Hatukuwa wengi, familia chache za Rwambuzi, wote tukiwa watu wa hapa hapa, weusi kama wewe. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa vitambaa, na safari zake zilimfikisha mbali ndani ya Uganda, ambako alikuta watu wanaosali kwa Kiebrania na kuacha mashamba yao bila kulima siku ya Jumamosi. Alikwenda kwao mara nyingi, akakaa, akasoma. Aliporudi hakurudi na vitambaa peke yake. Majirani walituweka kwenye fungu la Wasabato, na sisi tuliacha iwe hivyo kwa sababu kueleza kulichosha. Mama mmoja Mwislamu wa nyumba ya pili, ambaye mumewe alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu muda mwingi, alitupenda kwa sababu moja tu: watoto wake wangeweza kula kwetu bila yeye kuuliza kulikuwa na nyama gani chunguni.

Chumba hiki cha fundi ndicho kilikuwa gardienne yetu, shule ya chekechea. Mwalimu alikuwa binti wa mojawapo ya familia zile, msichana mrefu asiyecheka ovyo, aliyepelekwa Uganda kujifunza namna ya kufundisha watoto. Sisi tulimwita Madamu. Asubuhi tuliketi juu ya mkeka, tukasema sala ya kuamka, na Madamu alipenda kutukumbusha kwamba katika sala ile neno la shukrani linatangulia, neno la "mimi" linafuata nyuma. Kisha tulinawishwa mikono kwa kikombe chenye vishikio viwili, mkono wa kuume kwanza, wa kushoto, tena wa kuume. Aliyekosea alianza upya, na maji yalikuwa baridi. Sikumbuki kama nilikuwa na furaha. Nakumbuka baridi ya maji, na harufu ya mkeka uliolowa.

Siku yetu kubwa ilikuwa Ijumaa, siku ya mkate. Unga wa ngano ulikuja kutoka mpakani, ukifika na wadudu wake, na Madamu alitufanya tuuchekeche mpaka mikono ikatuuma, maana kula mdudu kwetu kulikuwa mwiko, si uchafu tu. Tulikanda kwenye beseni la bati. Wasichana tulisifiwa kwa kusuka, kwa sababu mkate wa Sabato unasukwa, na sisi tulikuwa tumeshajizoeza kwenye vichwa vya wadogo zetu. Wavulana walisuka vitu visivyo na jina. Mkate uliokwa ndani ya sufuria iliyofunikwa, makaa chini na makaa juu ya mfuniko.

Lakini kabla ya kusuka kulikuwa na jambo lingine. Madamu alikata donge dogo la unga uliokandwa, akalisemea baraka, kisha akalitupa kwenye mbabula, jiko la makaa lililokuwa pale chini ya dirisha. Lilivimba, likapasuka, likawaka, likatoa moshi mweusi wenye harufu ya mkate uliosahauliwa. Tulipiga kelele kila Ijumaa kana kwamba hatujawahi kuliona. Moshi ule ndio ambao fundi anapambana nao kwa rangi.

Wakati mkate ukiiva tulikaa mviringo, na kila mtoto alitoa aksanti yake ya wiki. Hapo Madamu alikuwa na sheria zake. Kushukuru kwa jua na mvua kulikuwa kazi ya sala. Ijumaa ulimshukuru mtu, kwa kitu alichokufanyia wiki ile ile, na mkate ukiiva ulipewa kipande chako umpelekee mkononi. Usingeweza kumtuma mtu. Wakati fulani kivulana mmoja alimshukuru mbuzi wa jirani kwa kumfanya acheke, sote tukaanguka kwa kicheko, lakini Madamu hakucheka. Alimkatia kipande, akamsindikiza mpaka kwenye kamba ya yule mbuzi. Mbuzi alikula mkate wote wa shukrani na kuanza kutafuna kaptula ya mwenye shukrani.

Sasa nikwambie habari ya koko. Ndivyo tunavyowaita nyanya zetu. Koko yangu, mama mzazi wa baba, aliishi Aveba, kijiji cha mbali, mkulima wa karanga, maharagwe na muhogo. Kila alipokuja Bunia kuuza mazao alipita kwetu, lakini hakuingia. Alisimama barabarani, akatuita sisi watoto kwa sauti, akatugawia karanga. Mama yangu alimtolea kiti. Koko alikiangalia kile kiti kwa heshima zote, akabaki amesimama. Baba, kama alikuwa nyumbani, alitoka akamwamkia kwa kuinama, koko akamwitikia, na wote wawili wakatazama upande wa barabara mpaka koko alipoondoka.

Ugomvi ulianzia kwenye matanga ya babu. Mimi nilikuwa bado mgongoni, nimeusikia kwa kusimuliwa. Ukoo ulichinja mbuzi, kama inavyopasa, na chakula kile ndicho kinachowafanya waliobaki kuwa kitu kimoja. Baba, ambaye wakati ule alikuwa ameshakuwa alivyokuwa, hakuweza kula nyama isiyochinjwa kwa sheria yake. Alikaa na ndizi ya kuchoma mkononi, kwenye kilio cha baba yake mwenyewe, mbele ya wajomba na shangazi wote. Koko hakupandisha sauti. Alimwambia hivi, na kila mtu wa nyumba yetu aliyajua maneno yale: "Kama haukule yangu, na miye sitakula yako."

Na hakula. Hakunywa hata maji yetu. Baba hakuwa mtu wa kulia, ila mama alituambia kwamba siku koko akipita, tusimwulize baba kitu chochote mpaka kesho yake. Sote tuliishika amri hiyo kuliko nyingi za Torati.

Ijumaa moja, tukiwa tumeshakanda, niliona kivuli mlangoni. Alikuwa koko, na mfuko wa karanga kichwani. Alikuwa ameuza vitu vyake, anatafuta gari la kurudi Aveba, na kwetu hakukuta mtoto hata mmoja, basi akaelekezwa kwenye masomo. Alisimama kizingitini kama alivyosimama kwenye kila kitu chetu. Madamu aliinuka, mikono imejaa unga.

"Karibu, mama. Ingia, ukae."

"Hapana, mutoto wangu. Miye minapita tu. Motoka iko inatafuta watu."

Nilikwenda kupokea karanga zangu. Madamu hakumlazimisha, Ijumaa ina saa zake, na unga haungoji mgeni. Alikata donge, akalisemea baraka, akalitupa motoni. Watoto wakapiga kelele zao. Nikahisi mkono wa koko, uliokuwa begani mwangu, umetulia ghafla.

"Ile umetupa mu moto," koko akauliza, "ni ya nani?"

"Ni ya Mungu, mama. Tukikanda mukate, kipande ya kwanza haiko yetu."

"Nani aliwafundisha ninyi ile?"

"Iko mu Torati. Ni ya zamani sana."

Koko alitua mfuko wake chini. Kisha, mbele ya macho yangu, akavuka kizingiti. Akaenda hadi kwenye mbabula, akachuchumaa kwa taabu, maana magoti yake hayakuwa mazuri, akaangalia lile donge lilivyokuwa likigeuka mkaa.

"Kwangu minafanya na bugali," alimwambia Madamu, akipunguza sauti kama mtu anayesema na mwenzake. "Tonge ya kwanza, mbele sijaonja. Mama yangu alifanya, na mama yake. Katekista hapendi. Basi minageuka mugongo, minafanya."

Halafu akausemesha moto, polepole, ili hata sisi tusikie: "Ninyi wenye mulitangulia, mukule kwanza."

Madamu alikuwa na jibu la jambo hilo, najua, kwa kuwa alikuwa na jibu la kila jambo. Wafu hawalishwi, donge lile si la wafu. Nilimwona akifungua mdomo. Akamtazama yule mama mzee aliyechuchumaa na viatu vyake vya plastiki, akaufunga. Nje honi ikalia. Koko akajishika kwenye ukuta kuinuka, akabeba mfuko wake, akaondoka bila kuaga vizuri.

Zamu yangu ya aksanti ilipofika nikasema ninamshukuru koko kwa karanga. Watoto wote wa familia zile walijua mambo ya kila nyumba, na mmoja akasema wazi: "Koko yake hakulaka chakula ya kwao." Madamu akamwambia anyamaze, akanikatia kipande, kikubwa kidogo kuliko vya wengine, akakifunga kwenye kitambaa.

"Ni weye utapeleka," aliniambia. "Kwa mukono yako."

Nilifika nyumbani nikilia. Mama akanieleza kwa upole kwamba Aveba si ng'ambo ya barabara, kwamba mkate utaota ukungu, kwamba koko atarudi tena msimu mwingine na tutamwokea mpya. Nilijua hayo yote, na hayakunisaidia. Sheria ilikuwa sheria: hata mbuzi alipelekewa wake.

Jioni ile kabla ya jua kuzama mama alikuwa anakanda mkate wetu wa nyumbani, amechelewa kama kawaida yake. Alikata donge, akasema baraka, akalitupa kwenye makaa. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, na macho yamevimba, na kwa kuwa asubuhi mambo yalikwenda hivyo, nikaona ndivyo yanavyokwenda. Nikasema: "Ninyi wenye mulitangulia, mukule kwanza."

Baba alikuwa anatoka kuoga, taulo shingoni. Alisimama. Sijawahi kumwona mtu akisimama vile tena.

"Nani alikufundisha ile?"

"Koko. Alikuja ku masomo."

"Alikuja mupaka wapi? Ku mulango?"

"Aliingia, baba. Alichuchumaa kwa mbabula. Alisema ile maneno na moto."

Baba aliketi kwenye kiti kisichokuwa chake. Akauliza kama koko alikula kitu. Nikamjibu ukweli, kwamba mkate ulikuwa haujaiva. Akaniomba nimwonyeshe kile kipande, nikakileta kwenye kitambaa chake, akakishika kwenye viganja bila kukifungua. Baadaye sana mama aliniambia kwamba baba alikuwa hajayasikia maneno yale tangu alipokuwa mtoto wa kukaa kando ya jiko la mama yake, na kwamba alidhani yamekwisha.

Mwingine angewasha pikipiki usiku ule ule. Baba hakuweza, jua lilikuwa limezama, Sabato imeingia. Tukakaa Jumamosi nzima na kile kipande cha mkate juu ya kabati, baba akipita, akikitazama, akipita tena. Haikuwa Sabato ya kupumzika.

Jumapili alfajiri alikodi pikipiki, akanipakia katikati, kati yake na dereva, na kitambaa kifuani mwangu. Barabara ilikuwa imetulia msimu ule. Njiani, pale Nyankunde, tulisimama kunywa chai, na baba hakuimaliza yake. Kutoka hapo nakumbuka vumbi, mgongo wa dereva, na mikono ya baba ikinizunguka ili nisianguke.

Tulifika Aveba tukakuta koko yuko kanisani. Tulipaswa kujua, ilikuwa Jumapili. Tukakaa kwenye gogo mbele ya nyumba yake, majirani wakituchungulia, mpaka alipotokea njiani na kitenge chake cha ibada na Biblia kwapani. Alituona kwa mbali. Hakuharakisha.

"Mumekuja na nini?" akauliza, baada ya salamu.

Nikampa kitambaa. "Mukate, koko. Aksanti ya karanga."

Alikifungua, akaupeleka mkate puani, akakifunga tena. Jirani mmoja, kwa wema, alikuwa ameshaanza kumkimbiza kuku kwa ajili ya wageni, na hapo ndipo moyo wa baba ulipokuwa, nadhani, chini ya miguu ya yule kuku. Kuku angechinjwa, baba angekataa, na kila kitu kingerudi pale pale kwenye ndizi ya kuchoma.

"Acha kuku," koko akamwambia jirani. "Huyu hakulaka nyama ya kisu yetu. Maharagi iko."

Akasema hivyo tu, kama mtu anayeeleza kwamba mtoto wake hapendi pilipili. Akaingia jikoni. Maharagwe yalikuwa ya jana, akayapasha, akasonga bugali. Baba hakuuliza sufuria ile ilipikiwa nini juzi, naye alikuwa mtu wa kuuliza. Chakula kilipowekwa chini, koko alimega tonge na kwenda motoni, mgongo umegeuzwa kwa mazoea. Kisha nikamwona baba anamega lake, anainuka, anasimama karibu na mama yake, na kulitupa kwenye moto ule ule. Sikusikia alichokisema.

Walipoketi, baba akala. Alikula kama mtu aliyetoka safari ndefu, mpaka koko akamwongezea bila kuulizwa. Halafu yeye koko akachukua mkate wangu, uliokuwa na umri wa siku zote hizo, akajaribu kuung'ata.

"Mukate yenu iko nguvu," akasema. "Mulioka ama mulichonga?"

Baba alicheka, akacheka mpaka akafunika uso kwa mikono, na mikono ilipotoka usoni ilikuwa imelowa. Koko alichovya mkate kwenye mchuzi wa maharagwe, akaula wote, na makombo yaliyodondoka kwenye kitenge akayaokota, akayala pia.

Ijumaa iliyofuata watoto wa gardienne, ambao hawakujua lolote kati ya hayo, waliliangalia donge likiwaka na kusema kwa pamoja: "Ninyi wenye mulitangulia, mukule kwanza." Walidhani ni sehemu ya ibada. Madamu alishika kiuno. Akatuambia kwamba kwanza tunasema ya Mungu, mpaka mwisho, bila haraka. Hakutuambia tusiseme nyingine.

Yote hayo hayapo tena. Vurugu zilipokuja zile familia zilitawanyika, wengine Uganda, wengine Kinshasa, wengine wakarudi kwenye makanisa yao ya zamani bila kelele. Madamu aliolewa mbali, na nilisikia kwamba hafundishi. Binti yangu anasoma shule ya watu wengine, ambako anafundishwa kusema merci, aksanti ya Kifaransa, kwa sauti nzuri, na hapeleki mkate kwa mtu. Mimi mwenyewe, Ijumaa nyingi, kazi hunikuta jua limeshazama. Kiebrania changu kimebaki cha kunawa mikono. Nakuambia hivi bila kulia, ndivyo ilivyo, lakini pale kwa fundi, mbele ya ule ukuta, nilihisi upweke ambao sikuutegemea.

Koko alifariki Aveba, amezeeka, kitandani kwake. Tulikwenda kwenye matanga, ukoo mzima, wale wajomba na shangazi wa siku ile waliokuwa bado hai. Mbuzi alichinjwa, kama inavyopasa. Baba alikaa kwenye kona, na nilimwona alivyojiandaa kwa macho ya watu. Alikuwa ameshaomba ndizi. Ndipo shangazi mkubwa akaja kutoka jikoni na sahani mikononi, imejaa, na mvuke ukipanda.

"Sufuria ziko mbili," akamwambia. "Mama alisema mbele hajafa: 'Siku ya matanga yangu, musisahau maharagi ya mwanangu.'"

Baba aliipokea ile sahani. Kisha akainuka, akamega tonge la kwanza, akaenda kutafuta moto.